Dizeli inavuja kwenye mashua ya tanga: jinsi ya kutafuta inapotokea na kurekebisha tanki mpaka likae sawa

Ukishuka chini ya sitaha asubuhi ukakuta maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini kabisa ndani ya chombo, yana zile rangi rangi za mafuta na harufu ya dizeli imeshika mpaka gunia la mchele, usikimbilie kulilaumu tanki. Mimi nililaumu tanki miezi miwili nzima. Mashua yangu ni ya mbao, futi 34, tanga moja na mashine ya dizeli ya silinda 2 imefungwa ndani, tanki la chuma cheusi lita 120 limekaa nyuma chini ya shetri, na inalala hapa hapa Mikindani. Nikamwita fundi wa kuchomelea, tukang'oa tanki, akapiga kiraka, tukarudisha, safari ya kwanza tu ya Sudi dizeli ipo tena kwenye ngama vilevile. Tanki lilikuwa na ugonjwa wake kweli, nitaueleza, ila uvujaji ule ulitoka sehemu nyingine kabisa na ungegundulika kwa siku moja kama ningefuata utaratibu.

Kwaiyo naandika utaratibu wenyewe, kwa wenzangu wenye mashua na majahazi yenye mashine huku Mtwara, Lindi mpaka Kilwa, na hata mwenye boti ya faiba ya tanga utamfaa maana dizeli ni ileile.

Kwanza pima kama mafuta yanapotea kweli

Chukua kijiti kikavu kilichonyooka, kichovye kwenye tanki mpaka chini, weka alama ya kisu pale mafuta yalipofika. Chombo kiwe kinaelea sawa na watu wasiwe wamekaa upande mmoja. Acha masaa 24 bila kuwasha mashine, pima tena kwa kijiti kilekile na chombo kimekaa vilevile. Alafu piga hesabu, tanki langu chini lina sm 60 kwa 50, maana yake kila sentimita moja ya kijiti ni lita 3, kwaiyo hata milimita mbili tatu zikipungua ni karibu lita nzima. Tanki lenye mgongo wa mashua, yani lililokatwa chini kufuata umbo la chombo, hesabu hiyo haifai, hapo jaza kwa dumu la lita 5 tano ukiweka alama kila mara.

Tone moja kila sekunde 10 linaonekana dogo lakini kwa siku ni kati ya robo lita na nusu lita. Ndo maana ngama inanuka hivyo na wewe huoni kinachochuruzika.

Kuna vitu viwili vinadanganya hapa. Cha kwanza ni jua. Dizeli inavimba joto likipanda, lita 100 zikipata joto zaidi nyuzi 10 zinaongezeka karibu lita 0.8, sasa ukijaza tanki asubuhi mpaka mdomoni mafuta bado ya baridi, ikifika mchana yanatoka yenyewe kwenye pumulio, ule mpira wa kupitishia hewa ya tanki, na wewe unasema tanki limetoboka. Usijaze mpaka juu, acha nafasi.

Cha pili ni kibaya zaidi. Mafuta yanapungua lakini ngama kavu na hakuna harufu. Chomoa stiki ya oili ya mashine uitazame. Kama oili imepanda juu ya alama wakati hujaongeza, na ukiinusa ina dizeli, basi kiwambo cha pampu ya kuvuta mafuta kimepasuka au injekta pampu inavujia ndani, dizeli inashuka kwenye oili. Usiwashe hiyo mashine tena mpaka irekebishwe na oili imwagwe, oili iliyochanganyika na dizeli inakuwa nyepesi haishiki tena kwenye beringi.

Kausha kila kitu, usiruke hii

Watu wengi wanaanza kutafuta huku kila kitu kimelowa dizeli, hapo hutapata kitu. Dizeli ina tabia ya kutambaa, inafuata paipu kwa chini, inapita kwenye ubao, inazunguka bolti, alafu inadondokea mita moja mbali na ilipotokea. Tone unaloliona chini ya tanki linaweza kuwa limetoka juu kwenye mpira wa ritani, ule unaorudisha mafuta yaliyozidi tankini.

Fua maji yote ya ngama na uyaweke kwenye dumu, yasiende baharini, nitasema ya kufanya nayo mwishoni. Futa tanki, mipira, filta, mashine, mbao za chini, matambara makavu mengi, alafu pitisha tambara lenye maji ya sabuni, alafu kavu tena. Mimi nilitumia siku nzima kwenye hii tu na wala sijutii.

Kikishakauka chukua chaki za shuleni, zile nyeupe, paka kwenye kila kiungo cha tanki, kwenye mshono wa kuchomelea, kuzunguka kila nati na kila klempu. Chaki ikiguswa na dizeli inageuka rangi inakuwa kama imelowa mafuta, unaiona hata kwa tochi hafifu. Sehemu usizofika kwa mkono funga karatasi ya tishu kuzunguka mpira uifunge na uzi. Kwa nyuma ya tanki tumia kioo kidogo cha kujitazamia na tochi ya kichwani. Na kama huna uhakika tone ni maji au dizeli, liguse na kipande cha karatasi ukianike juani, maji yatakauka yaishe, dizeli itaacha doa linalopitisha mwanga.

Anza juu, shuka chini

Sababu ni ile ya kutambaa, sehemu ya juu kabisa iliyolowa ndo unayoitafuta, zote za chini yake ni mashahidi tu. Fuata njia ya mafuta yenyewe: mdomo wa kujazia kwenye sitaha, mpira mnene unaoshuka kwenda tankini, pumulio, floti ya geji na gasketi yake, mfuniko wa kusafishia kama upo, koki ya kutolea, mpira wa kuvuta, filta ya kwanza ile yenye kikombe cha maji, pampu, filta ya pili, injekta pampu, nozeli na vile vimipira vyembamba vya ritani juu ya nozeli, alafu mpira wa ritani unaorudi tankini.

Vile vimipira vya juu ya nozeli havipewi heshima yake. Vinapigwa na joto la mashine, vinakakamaa, vinachanika mahali pa kuunganishia, na vinavuja mashine ikiwa inafanya kazi tu, ukizima vinakauka. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na kung'oa tanki.

Upande wa kuvuta, kati ya tanki na pampu, una dalili yake. Kama tanki lako liko chini kuliko pampu, mashine ikifanya kazi tundu pale halitoi mafuta bali linavuta hewa, kwaiyo unaona mapovu kwenye kikombe cha filta, mashine inakohoa, asubuhi inagoma kuwaka mpaka utoe hewa. Ukiona uvujaji mdogo pamoja na mashine ngumu kuwaka, anzia hapo.

Tenganisha tanki na mashine kwa dumu

Hii ni njia rahisi ya kugawa tatizo vipande viwili. Funga koki ya tanki, chomoa mpira wa kuvuta na mpira wa ritani uvitie vyote viwili kwenye dumu safi la lita 20 lenye dizeli, lifunge lisianguke. Toa hewa, washa mashine, iache ifanye kazi nusu saa chombo kikiwa kimefungwa. Ikivuja, basi kuna shida upande wa mashine, usikimbilie kung'oa tanki. Isipovuja na huku tanki lililofungwa linaendelea kupungua kwenye kijiti, umeshajua. Usisahau ule mpira wa ritani kuuweka kwenye dumu, nimeona mtu kaacha unamwaga kwenye ngama nusu saa nzima na yeye anatafuta tundu.

Laza chombo, bahari itakusaidia

Hapa ndo mashua ya tanga inapotofautiana na boti ya mashine tupu. Sisi tunalala ubavu safarini. Tanki ambalo chombo kikielea sawa ni kavu kabisa, kikilala mafuta yanapanda kona moja yanafika kwenye kiungo ambacho siku zote kiko juu ya mafuta. Uvujaji wangu ulikuwa hivyo. Tukienda Sudi hakuna kitu, tukirudi na kusi upepo unatupiga kulia chombo kinalala kushoto, tukifika Mikindani ngama ina dizeli. Nilichukua mda mrefu kuunganisha hayo mawili. Mzee mmoja fundi wa vyombo ndo aliniuliza, "Mwanangu, inavuja tanga likiwa upande gani?" nikakosa jibu.

Kwaiyo safarini andika, tanga upande gani, kwa mda gani, na ngama ikoje. Na bandarini huhitaji upepo, subiri bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Huku kwetu bamvua maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, ghuba ya Mikindani inatoa fungu refu la mchanga na matope. Peleka mashua kwenye mchanga safi usio na mawe maji yakiwa juu, amua unataka ilale upande gani, hamishia nanga na uzito mwingine upande huo, maji yakitoka inakaa kwenye mkuku, ule uti wa chini wa chombo, na kuegemea ubavu. Tanki liwe na mafuta kama robo tatu, chaki zote ziko tayari, kichupa kimefungwa kwenye mdomo wa pumulio upande wa chini ili likitapika lisimwagike. Una masaa kadhaa ya kukagua kwa utulivu chombo kimelala kuliko kinavyolala safarini. Maji yakijaa tena siku hiyohiyo au kesho yake, hamisha uzito uilaze upande wa pili. Kama chombo chako ni cha faiba chenye mkuku mrefu mwembamba usifanye hivyo bila miti ya kuegemeza na bila mtu aliyewahi, kinaweza kuanguka vibaya.

Mimi chaki ilinionyesha ndani ya saa moja. Ule mpira mnene wa kujazia, pale unapoingia tankini, chini ya klempu, ulikuwa na ufa ambao huuoni ukiwa umesimama. Ufa kama ukucha. Mpira wa maji wa kawaida, mtu aliuweka kabla yangu kwa sababu ulikuwa unaenea saizi.

Kama tanki lenyewe ndo linavuja, kuna ujanja wa kujua tundu liko kimo gani bila kuling'oa. Liache lichuruzike kwenye chombo safi, na kila baada ya masaa pima kwa kijiti. Mahali mafuta yanapoacha kushuka ndo kimo cha tundu. Yakiacha katikati, tafuta mshono au bolti kimo hicho. Yakiisha mpaka chini, ni sakafu ya tanki.

Ukiwa baharini na linavuja sasa hivi

Sabuni ya mche. Kata kipande kikavu, futa pale panapovuja, sugua na kandamiza sabuni kwenye tundu mpaka ijae. Sabuni haiyeyuki kwenye dizeli kwaiyo inashika kwa siku kadhaa, madereva wa malori wanaijua hii siku nyingi. Usiilowanishe na maji kwanza, maji ndo yanayoiyeyusha. Tundu likiwa kubwa kidogo, skrubu fupi yenye wosha ya mpira inafanya kazi, ila ukikaza sana kwenye bati lililooza unapanua tundu, nenda taratibu. Hizo zote ni za kukufikisha bandarini tu.

Silikoni ya kuzibia vioo na mabafu achana nayo, dizeli inaivimbisha inabanduka. Mpira wa tyubu ya baiskeli kama gasketi nao unavimba na kuwa laini kama uji, gasketi ya mafuta inatakiwa iwe ya mpira wa naitraili au ya karatasi inayouzwa kwa ajili ya mafuta, kwenye maduka ya spea za magari ipo.

Kutoa mafuta na kuling'oa tanki

Hamisha dizeli kwa pampu ya mkono kwenda kwenye madumu. Usinyonye kwa mdomo. Dizeli ikiteleza ikaingia kwenye mapafu hata kidogo inaweza kukulaza hospitali, na hili nalisema kwa uzito kwa sababu kila gereji nimeona vijana wananyonya kama mchezo. Lita kumi za mwisho ziweke dumu la peke yake, hizo zina maji na tope. Madumu mengine yaache yatulie siku mbili, alafu mimina ya juu kupitia kitambaa safi na filta, hiyo utatumia.

Tazama hilo tope la chini vizuri. Likiwa jeusi, linateleza kama makamasi na lina harufu ya kuoza, hao ni vijidudu wanaoishi kwenye mpaka wa maji na dizeli, wanazaa asidi inayokula chuma. Likiwa jekundu jekundu ni kutu. Kwa vyovyote jibu ni lilelile kwamba maji yamekaa kwenye tanki lako mda mrefu, na maji ni mazito kuliko dizeli kwaiyo yanakaa sakafuni, na sakafu ndo inatoboka.

Ukishalitoa, usichungulie kwa kuingiza kichwa. Tumia tochi na kioo. Gonga sakafu yote kwa nyundo ndogo, chuma kizima kinalia, kilichoisha kinatoa sauti butu. Alafu chukua ncha ya bisibisi bonyeza kuzunguka tundu. Ukiona ncha inazama na bati linabonyea sehemu tatu nne, hilo tanki halihitaji kiraka. Langu nililiona hapa, lile ambalo fundi alipiga kiraka kimoja lilikuwa na vishimo kumi na kitu kwa nje, vyote kwenye mstari mmoja pale lilipokalia ubao. Mwenye chombo wa kwanza alitandika kipande cha zulia chini ya tanki lisipige kelele. Zulia lile lilinywa maji ya chumvi na kuyashika dhidi ya chuma usiku na mchana miaka yote. Kwaiyo nilikuwa na mpira uliopasuka uliokuwa unavuja, na tanki lililokuwa linakaribia kuvuja.

Kuziba au kubadili

Tundu moja dogo, bati la pembeni zima, na huwezi kupata fundi wiki hii: epoksi. Kwangua kutu yote mpaka chuma kinga'e, sentimita 5 kuzunguka tundu, safisha na asetoni au thina mara tatu kila mara tambara jipya, tanki liwe tupu na pakavu kabisa maana epoksi haishiki juu ya jasho la dizeli. Kanda epoksi, sukuma iingie ndani ya tundu, alafu juu yake tandaza kitambaa cha faiba mara mbili na epoksi ile ya majimaji. Ile rezini ya kawaida wanayotengenezea boti za faiba haishiki vizuri kwenye chuma, usiokoe pesa hapo. Siku nzima ikauke. Inaweza kukaa miaka pembeni, lakini kwenye sakafu iliyochakaa ni kujichelewesha.

Tanki la plastiki ni habari nyingine. Plastiki ya matanki ni ileile ya madumu, gundi haiipendi, hata epoksi inabanduka kama ganda. Kuna mafundi wa kuchomelea plastiki kwa hewa ya moto, ila kwa tanki la mafuta mimi ningebadili.

Ukitengeneza jipya: chuma cheusi cha milimita 3 ni sawa, ndani usipake rangi, nje paka praima na rangi ya nguvu koti tatu kabla halijaingia chomboni. Usikubali bati la mabati, lile lenye zinki. Zinki na dizeli havipatani, inatoka takataka inayoenda kuziba filta na nozeli, na paipu za shaba nazo zinaharibu mafuta yakikaa mda mrefu. Stenlesi ni nzuri lakini chagua ile ya 316, ya 304 ikikaa kwenye maji ya chumvi yaliyotuama inatoboka vishimo vidogo huku juu bado inang'aa. Ndani weka vizuizi vyenye matundu ili mafuta yasipige huku na huku chombo kikiyumba, weka mfuniko mkubwa wa kuingiza mkono kila chumba, na sehemu moja ya chini kabisa yenye koki ya kutoa maji.

Kuchomelea tanki lililokuwa na dizeli

Hapa naomba usome polepole. Fundi wa barabarani atakwambia dizeli si petroli, haiwaki, lete nikupigie dakika kumi. Dizeli ya baridi kweli haishiki moto kirahisi, inahitaji joto la zaidi ya nyuzi 50 kutoa mvuke wa kuwaka, sasa moto wa kuchomelea ni maelfu ya nyuzi na ndani ya mshono na nyuma ya vizuizi kuna dizeli imejificha. Inapata moto, inakuwa mvuke, mvuke unachanganyika na hewa ndani ya boksi lililofungwa. Tanki tupu ni hatari kuliko lililojaa kwa sababu hiyo.

Litoke nje ya chombo kabisa, usichomelee ndani ya mashua. Fungua kila tundu, toa floti, koki na mfuniko. Osha kwa maji ya moto na sabuni ya unga ya kutosha, tikisa, mwaga kwenye pipa, rudia mara tatu au mpaka usinuse dizeli hata ukiweka pua mdomoni mwa tanki. Alafu geuza tanki sehemu ya kuchomelea iwe juu, jaza maji mpaka karibu na hapo, ibaki nafasi ndogo tu ya hewa, na matundu yote ya juu yabaki wazi. Ndo uchomelee. Kuna watu wanaingiza moshi wa mashine ya dizeli wakiamini unafukuza hewa, usifanye, moshi wa dizeli hasa mashine ikiwa sailensa, yani inazunguka polepole bila mzigo, bado una hewa nyingi ya kuwakisha moto.

Na mwambie fundi akate kile kipande kibovu aweke kipya, asibandike kiraka juu ya kilichooza. Kati ya kiraka na bati la zamani unyevu unaingia na kutu inaendelea gizani. Sakafu ikiwa imechakaa, sakafu yote ibadilishwe.

Kupima kabla ya kurudisha

Usilipeleke kwa mjaza upepo wa tairi. Fikiria bati la mita 1 kwa nusu mita, ukitia presha ya psi 3 tu, ambayo kwenye tairi hata haionekani, linasukumwa na nguvu ya karibu tani moja. Tanki la boksi linavimba kama chapati na mishono inaachia.

Tumia maji. Ziba matundu yote isipokuwa moja, hapo funga mpira mweupe unaoona ndani, jaza tanki maji mpaka mpira nao ujae, alafu inua ncha ya mpira sm 70 juu ya tanki. Hiyo ni psi 1, inatosha. Weka alama ya maji kwenye mpira, subiri saa moja, pitia mishono kwa kidole na karatasi kavu. Maji yakishuka kwenye mpira, kuna mahali. Kwa mishono mipya kuna njia ya zamani pia, paka chaki iliyolowanishwa nje iache ikauke, ndani pitisha mafuta ya taa kwa brashi, baada ya nusu saa tundu hata la sindano linatokeza doa kwenye chaki. Mafuta ya taa yanapenya kuliko maji.

Ukimaliza likaushe kwa jua siku mbili wazi, alafu suuza na lita mbili tatu za dizeli safi uzitoe. Maji ya kupimia yakibaki ndani umeanza ugonjwa upya.

Kulirudisha

Zulia, gunia, sponji, vyote visiguse tanki. Liweke juu ya vipande vya plastiki ngumu vilivyogundishwa kwenye tanki kwa epoksi, ili maji yasipate nafasi kati, na pawe na upenyo wa angalau vidole viwili chini na pembeni hewa ipite na wewe uweze kuona kwa kioo. Lifunge lisisogee hata chombo kikilala kabisa, lita 120 ni karibu kilo 100 na zinataka kukimbilia ubavuni kila wimbi.

Mipira yote nunua mipya ya dizeli, ile iliyoandikwa ni ya mafuta, usikubali ya maji hata muuzaji akikuapia. Mpira wa kujazia klempu mbili kila ncha, za stenlesi. Kwenye nyuzi za nati tumia gundi ya nyuzi inayovumilia mafuta, ile tepu nyeupe ya mabomba vipande vyake vinakatika vinaenda kukwama kwenye filta. Mpira wa pumulio upande juu utengeneze shingo kama bata kabla ya kutoka nje, maji ya mawimbi yasirudi. Na oringi ya mfuniko wa sitahani ibadilishe, ni kitu cha bei ya soda lakini maji mengi ya tankini yanapita hapo, mvua za huku kuanzia Desemba mpaka Aprili zikituama juu ya mfuniko zinaingia kila chombo kikipumua.

Jaza lita 20 kwanza, kagua kwa chaki. Ongeza nusu, kagua. Toa hewa kwa kulegeza skrubu ya filta na kupampu kwa mkono mpaka mafuta yatoke bila mapovu, washa, kagua tena. Alafu toka na tanga, laza kushoto nusu saa, laza kulia nusu saa, kijana mmoja akae chini na tochi.

Ngama na yale mafuta machafu

Dizeli iliyobaki kwenye ngama ukiisukuma nje na sabuni haijapotea, imeshuka tu kwenda kwenye majani ya bahari na matumbawe tunakovua. Chukua sufi, hii hii ya mito, itie kwenye kipande cha wavu au soksi uitupe kwenye ngama. Sufi haipendi maji inanyonya mafuta, inaelea inakunywa dizeli peke yake na kuacha maji. Ukiibadilisha mara mbili tatu rangi zile zinaisha. Kwenye mbao, vumbi la mbao lisugue likae usiku kucha, fagia, alafu maji ya sabuni kwa tambara. Maji machafu, tope na sufi iliyolewa mafuta peleka gereji wanakokusanya oili chafu.

Mashua ya mbao kagua na kalafati, ile pamba ya kuzibia mishono ya mbao, ya maeneo yaliyokaa na dizeli. Kama mishono ilizibwa kwa lami, dizeli inaiyeyusha, unaweza kuziba tanki ukaanza kuvuja maji. Mimi mbao mbili za chini karibu na mkuku ilibidi zikalafatiwe upya, tulifanya bamvua ileile ya kulaza chombo upande wa kulia.

Siku hizi kila wiki ya kwanza ya mwezi nafungua ile koki ya chini, natoa kikombe kimoja kwenye chupa ya kioo, naiacha dakika tano. Maji yakionekana chini natoa mpaka ije dizeli tupu. Tangu Juni hayajaonekana zaidi ya kijiko.